Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya: saini zetu zilikuwa za mahudhurio

Mheshimiwa, nakusalimu kwa heshima.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa huku juu mlimani, Moshi. Nauza ndizi sokoni Mbuyuni. Sijawahi kumwandikia kiongozi barua. Ila juzi Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, mgambo wawili walinikuta nafunga mikungu yangu wakaniambia nahitajika ofisi ya kata kwa kosa la kuvuruga mkutano.

Hatukuvuruga mkutano, Mheshimiwa. Tulitoka.

Ilikuwa Jumamosi, uwanja wa shule, mkutano mkuu wa kijiji. Tunatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na huo ulikuwa wa kwanza tangu mwaka jana. Karani alikaa na daftari, kila anayefika anaandika jina na kusaini. Tulikuja kusomewa mapato na matumizi ya mchango wa bomba, shilingi 20,000 kila kaya, tuliotoa mwaka juzi. Mtendaji akairuka ajenda hiyo. Akasema leo tunapitisha mchango mpya, 30,000. Tukauliza zile za kwanza ziko wapi. Akajibu taarifa itabandikwa. Tukauliza tena. Akasema asiyetaka maendeleo atoke.

Basi tukanyanyuka. Hakuna aliyetukana wala kuokota jiwe. Babu mmoja aliyevuka miaka themanini alichuma jani la isale pale kwenye mpaka wa uwanja, akaliweka juu ya meza ya viongozi kwa mikono miwili. Wewe si mwenyeji wa huku, kwa hiyo nakueleza: kwa sisi Wachaga isale ni jani la amani na la kuombea msamaha, na mtu akikujia nalo humfukuzi. Alikuwa anawaambia hatuondoki kwa ugomvi. Akashika fimbo yake akatufuata. Mtendaji akalisukuma lile jani kwa kalamu, likaanguka chini. Nililiona kwa macho yangu, na linaniuma kuliko wale mgambo.

Waliobaki hawakufika kumi na watano, viongozi wakiwemo. Lakini muhtasari niliosomewa pale kata unasema wananchi 163 walipitisha mchango kwa kauli moja, na zimeambatishwa zile karatasi za daftari. Saini yangu ipo. Niliiweka saa nne asubuhi kuonyesha nimefika. Sikuiweka kukubali kutoa 30,000.

Aprili 2014 wajumbe wa UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, walinyanyuka wakatoka kwenye Bunge Maalumu la Katiba kule Dodoma, nchi nzima ikiwaona. Waliingia wakiitwa waheshimiwa, na baada ya kutoka waliendelea kuitwa waheshimiwa. Sisi tukitoka uwanja wa shule tunaitwa wahuni. Kwa nini?

Labda fundi alilipwa kwa kazi ambayo haijafanyika. Wengine wanasema mabomba yaliyonunuliwa ni membamba. Kama hakuna anayetusomea hesabu, tutaacha kukisia? Ninachojua ni kwamba roli za bomba jeusi zimelala nyuma ya ofisi ya kijiji mpaka nyasi zimeota katikati yake. Na binti yangu wa kidato cha pili anaamka saa tisa usiku kuwahi zamu ya mfongo, ule mfereji wetu wa maji, maana kukicha maji yanakuwa tope. Mwezi uliopita aliteleza na ndoo, akarudi na goti limepasuka. Siku hiyo hakwenda shule.

Wewe mwenyewe ulisimama kwenye uwanja ule, Mheshimiwa, ukatuahidi maji ndani ya siku tisini. Tulikupigia makofi. Nilikuwa mstari wa mbele na nilikuamini, na bado nataka kukuamini. Siku tisini zimepita mara nne.

Naomba muhtasari ule ufutwe. Naomba wazee wasiitwe tena kata, wale hawawezi ule mteremko. Na mchango wa kwanza usomewe hesabu yake kabla ya mwingine kutajwa. Ukiona hayo ni mengi, basi naomba moja tu: njoo. Njoo uitishe mkutano pale pale uwanjani, usome mapato na matumizi kwa mdomo wako, sisi tukusikilize.

Tutakuja wote, na yule babu atakuja. Ila daftari la saini safari hii tunaomba lifunguliwe mwisho, taarifa ikishasomwa.

Mama muuza ndizi, Moshi