Jumamosi tunaangalia Adaptation
Wapendwa habari za jioni, Jumamosi saa 10 jioni tunakutana palepale pa siku zote, safari hii ni Adaptation ya 2002, kaiongoza Spike Jonze, naomba sana msikose maana hii komedi inatuhusu sisi waandishi kabisaa. Mwandishi wa skripti Charlie Kaufman alipewa kazi ya kugeuza kitabu cha Susan Orlean cha mwizi wa maua ya okidi kiwe filamu, akakwama, mwisho akajiandika yeye mwenyewe akiwa amekwama!! Nicolas Cage anacheza Charlie na pacha wake Donald, na huyo Donald hajawahi kuwepo duniani ila jina lake limeandikwa kama mwandishi mwenza na wote wawili wakapendekezwa Oscar. Mi inayonigusa ni pale jamaa yuko mbele ya taipureta anatakiwa aanze, anawaza kahawa, anawaza keki ya ndizi, ukurasa mweupe tu, jamani nani hapa hajapitia hayo?

Kila mtu aje na ukurasa mmoja wa skripti uliomshinda, tutasomeana baada ya filamu. Anayechelewa aseme mapema tumsubiri.