Risala ya Chama cha Mazingira kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima kutoka Idara ya Mazingira ya Kaunti, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum. Karibuni Changamwe.

Mheshimiwa, tuna mengi, ila leo tumechagua kukueleza habari ya mapipa.

Mifereji ikikauka, na wewe ni mwenyeji wa Mombasa unajua hukauka mara ngapi, mapipa ya buluu hupanda bei mitaani. Mengine yametoka viwandani yakiwa na kemikali. Karatasi imebanduliwa nusu, alama ya fuvu bado inaonekana, na harufu haitoki hata ulisugue kwa sabuni na mchanga. Plastiki hufyonza kemikali, kisha huitoa polepole ndani ya maji. Mama hulinunua kwa nia njema, akawekea maji ya kupikia wanawe.

Kanuni za usimamizi wa taka zinataka taka zenye sumu zibebwe na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, pamoja na hati ya kuonyesha zilikotoka na ziendako. Lakini pipa tupu likiuzwa langoni, nani ataliulizia hati?

Hofu yetu ina sababu. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru ni majirani zetu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia madini ya risasi mwilini, na madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Ikakatwa rufaa, uamuzi ukatenguliwa, hadi Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ilipowarudishia haki yao. Waliokuwa watoto wakati ule sasa ni watu wazima.

Kwa hivyo tunaomba, Mheshimiwa, idara yako ivisimamie viwanda: kila pipa la kemikali lisuuzwe mara tatu, litobolewe na kukatwa kabla ya kutoka langoni. Yale maji ya kusuuzia nayo ni sumu; yasimwagwe kwenye mitaro inayoteremkia baharini. Pia tunaomba kituo cha kupokea betri kuukuu hapa Changamwe, kwa sababu wanaookota vyuma chakavu humwaga asidi yake chini ili wauze risasi, na hapo hapo watoto hucheza miguu mitupu.

Sisi tutapita nyumba kwa nyumba kuwaonyesha wazazi alama za hatari. Tunaomba ututumie afisa wa kuandamana nasi.

Ni sisi wanachama,
Chama cha Mazingira.