Mwanangu, ile "moja tena" yako

Mwanangu,

Uko chumba cha pili unakunja nguo, nami niko hapa jikoni nakuandikia kana kwamba umeshafika chuoni Maseno. Tukilizungumza jambo hili ana kwa ana wewe hushika simu, mimi hupandisha sauti, na anayelia mwishowe ni dada yako ambaye hahusiki. Kwa hiyo utaikuta barua ndani ya sanduku, katikati ya shuka. Usiisomee ndani ya matatu, utatapika mkifika Kericho kama kawaida yako.

Jambo lenyewe ni pesa ya Helb, huo mkopo wako wa masomo. Ikiingia, lipa karo, lipa chumba, weka ya chakula kando, basi. Usipeleke hata shilingi kumi kwenye kamari ya mechi za watu usiowajua, wala ya kile kindege kinachopaa kwenye simu huku vijana wamekodoa macho. Aprili 2025 serikali iliposimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, nilipiga vigelegele hapa hapa jikoni, nawe ukaniambia, "Mathe, nani anangoja tangazo? Iko kwa simu." Ulisema kweli, na tangu siku hiyo sijatulia. Sheria inataka mtu awe ametimiza miaka 18. Umetimiza. Aliyebaki kukuzuia ni kichwa chako.

Najua utakalonijibu: nyumba hii ndiyo iliyokufundisha kucheza. Sikatai. Zile kelele za Krismasi unazikumbuka kuliko mimi, sina haja ya kuzirudia. Na kama kuna mtu aliyeanzisha mtindo wa kuweka zamu ya kuosha vyombo kuwa dau la niko kadi, ule mchezo wetu wa karata, basi huyo mtu alikuwa amechoka na karai limejaa. Lakini vyombo vilioshwa, tukalala. Hakuna aliyeamka akidaiwa.

Mchezo siuogopi. Naogopa ile "moja tena" yako. Niliiona mapema, kwenye Monopoly, ule mchezo wa ubao wa kununua mitaa na kudaiana kodi. Dada yako akishindwa hununa, kisha huuliza kama kuna chai. Wewe ukishindwa hubanduki. Unaweka rehani mitaa yako mingine yote ili ujenge hoteli ya mwisho, na ukiangushwa unasema "moja tena", saa tano ya usiku, kesho kuna shule. Babako alikuwa akicheka na kusema una roho ya simba. Babako naye, habari ya tiketi zake za bahati nasibu na yule ng'ombe nyanya yako alishakusimulia. Hapa nyumbani ilikuwa rahisi: nilikuwa naukunja ubao nauweka juu ya kabati, ukanuna, ukalala. Huko Maseno nani atakukunjia? Simu inakuamsha saa nane za usiku ikikuahidi bonasi, na ukisema "moja tena" inakuitikia kila mara.

Na huo Monopoly wenyewe, kwa vile hukuwahi kunisikiliza nilipoeleza, ulianza kama somo. Lizzie Magie, mama wa Kimarekani, alipata hataza ya mchezo wake mwaka 1904, akitaka watu waone jinsi mwenye ardhi anavyonenepa huku wapangaji wakikonda. Baadaye Charles Darrow akauza mchezo uliotokana na huo kwa kampuni ya Parker Brothers mwaka 1935, akasifiwa yeye, na dunia nzima ikafurahia kuwa mwenye ardhi. Wewe ulifurahia kuishinda dunia. Nilikuona ukimdai dada yako kodi akiwa amebakiwa na noti moja, hukumhurumia hata kidogo, na sijui kama nilipaswa kucheka siku ile. Kwa kuwa tumemgusa mwenye nyumba: usitoe depositi bila risiti. Fungua mfereji uone kama maji yanatoka kabla hujalipa. Nimekuwekea kufuli jipya, usitumie lile utakalolikuta mlangoni.

Nimekuwekea pia ubao wa Ludo na pakiti ya karata, ziko chini ya taulo. Usizitoe. Wenzako wakicheka, waache wacheke, ikinyesha wiki nzima na stima ikapotea utaona watakavyobisha mlango. Waingereza waliusajili mchezo huo kwa jina la Ludo mwaka 1896, lakini walikuwa wameutoa kwenye pachisi ya Wahindi, na umezunguka wee hadi ukafika kwenye vibanda vyetu. Ninachoupendea ni kwamba dadu haijui nani amesoma. Nyanya yako, na macho yake yale, hungoja sita sawasawa na mtoto wa jirani, na akiipata hupiga meza mpaka chai inamwagika. Tungekuwa tunacheza drafti pekee angeshindwa na kila mtu, na nadhani angeacha kuja sebuleni. Halafu anayekula kete yako mnatazamana. Unaona anavyocheka, unaweza kumnunia, na kesho ndiye utakayemwazima sufuria. Aliyekula pesa yako kwenye simu utamnunia wapi?

Kuhusu drafti, nilikugombeza sana kwa kupotelea kwenye kibanda cha fundi wa viatu wakati nimekutuma mkate. Siku moja nilipita pale nikakuta watu wamesimama wanatazama, wewe na yule mzee mmeinamia vile vifuniko vya soda, vyako vimetazama juu vyake chini, na umemla kete tatu kwa mpigo. Fundi akashika kichwa. Nilipitia upande wa pili wa barabara usinione. Nyumbani nilikugombeza kuhusu mkate vilevile, maana ulikuwa umeuacha juani. Lakini kwenye drafti hakuna bahati ya kusingizia, na pale ulishinda kwa sababu ulisubiri. Kijana anayeweza kungoja namna ile mbele ya mzee, anashindwaje kungoja Helb imalize muhula?

Nilipokuwa nikipeleka darasa la sita kwenye makumbusho ya Hyrax Hill, hapo tu barabara ya kwenda Nairobi, nilikuwa nawaandalia maelezo marefu kuhusu Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, aliyeanza kuchimba pale mwaka 1937, na makaburi, na vyungu. Walikuwa wanapita mbio. Wanakosimama ni kwenye ule mwamba wenye safu za mashimo ya bao. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ya nini. Nyanya yako anaita ajua, kwetu ni giuthi, huko Pwani wana bao lao la mashimo 32 na kete 64 ambalo mpaka leo sijalielewa. Watoto walikuwa wakiokota kokoto na kuchutama kuanza, mlinzi anawafukuza, wanarudi. Mtu alikaa akatoboa jiwe gumu lile, shimo moja moja, ili apate kucheza na mwenzake. Mimi hilo huwa linanifurahisha kuliko vyungu vyote. Nenda ukaulize huko Maseno, wazee wa ajua hawajaisha.

Umenuna sasa, najua. Basi niseme kwamba mwalimu wako wa hisabati alinisimamisha sokoni Jumamosi akaniambia una kichwa cha kuona hatua nne mbele. Nilimjibu kwamba hatua ya tano ndiyo inayonisumbua. Akacheka, nikanunua sukuma na kuondoka. Ila nimewaambia chama kizima.

Dada yako anasema ile picha ya vipande ya ramani ya Afrika, tuliyoipata kwenye mitumba, inakosa Malawi na wewe ndiye uliyekuwa nayo mara ya mwisho. Nimemweleza kwamba vitu hivyo vilianza hivyo hivyo na ramani, John Spilsbury wa London alizibandika kwenye mbao akazikata miaka ya 1760 ili watoto wajifunze nchi. Hakutaka historia, anataka Malawi. Angalia mfuko wa koti la shule kabla hujaondoka.

Tangi limeanza kuvuja tena upande wa chini, na fundi anadai elfu mbili na gundi juu yake. Kuku wawili wamekufa, nadhani ni kideri, waliobaki nimewapeleka kuchanjwa. Babako ataongea nawe kesho kuhusu marafiki, msikilize mpaka mwisho hata kama anajirudia. Helb ikiingia nipigie kabla hujaigusa. Si kukuomba, wala siitaki. Nipigie tu, uniambie imeingia, na tuongee wakati unalipa.

Ukipata nafasi ya kufika Kisumu, mpelekee shangazi yako wa Kondele ule unga wa wimbi ulio kwenye mfuko wa bluu. Usimwambie habari ya tangi, ataanza kuchangisha watu.

Mamako