Barua kwa vijana wa kijiwe cha Kihesa: hilo neno fashisti mnalitupa hovyo

Kamwene wajukuu zangu.

Nawasikiaga mkibishana hapo bodaboda zikiwa hazina abiria. Siku hizi kila mtu kwenu ni fashisti. Mgambo kabeba beseni la mama wa nyanya, fashisti. Mwenyekiti wa mtaa kadai mchango, fashisti, hata refa aliyewanyima penalti pale Samora naye mkampa hilo hilo.

Uonevu uiteni uonevu, Kiswahili kinatosha. Wajerumani walimwinda Mkwawa mpaka 1898 kichwa chake kikapelekwa kwao, ukatili gani tena unautaka, ila hao nao hawakuwa mafashisti, ufashisti ulikuwa haujazaliwa.

Umezaliwa Italia, Milano, Machi 1919. Mwanasiasa mmoja, Benito Mussolini, aliwakusanya askari waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia hawana mbele wala nyuma pamoja na vijana wenye hasira zao, wakavaa mashati meusi wakaanza kuchoma ofisi za vyama vya wafanyakazi na vya ushirika, wanawanywesha watu mafuta ya nyonyo kwa nguvu mpaka waharishe, wenye mashamba makubwa wanatoa hela na polisi wengi wanajifanya hawaoni. Oktoba 1922 mfalme mwenyewe akampa uwaziri mkuu. Bunge lipo, uchaguzi upo! 1924 mbunge Matteotti akasimama bungeni akasema uchaguzi ule ulikuwa wa vitisho na wizi, siku chache baadae akatekwa akauawa, na kufika mwisho wa 1926 vyama vingine vyote vimefutwa. Wahabashi wa Ethiopia waliujua ufashisti 1935 walipomwagiwa gesi ya sumu kutoka kwenye ndege za Waitaliano, na baadae kwenye Vita vya Pili vya Dunia askari wa KAR, jeshi la Mwingereza, wa hapa kwetu Tanganyika walipelekwa kule kupigana na hao Waitaliano.

Sasa jiulizeni ile kazi chafu ya mtaani nani alikuwa anaifanya. Wengi vijana wa rika lenu, maisha magumu, wameambiwa nchi imeharibiwa na watu fulani wasaliti na kwamba bosi akisema hakuna kubisha, wakapewa shati na rungu.

Ndo maana mi refa hanisumbui. Nawaza atakayekuja hapo kijiweni na tisheti na hela ya mafuta, anataka mkamfanyie fujo mtu kwenye mkutano wake. Huyo mtamwita bosi, si ndio?

Na wewe uliyemwita mama ntilie fashisti kisa kakataa kukukopesha ugali, kalipe kwanza ule wa wiki iliyopita.