Baba mdogo, ile karatasi haikuwa takataka

Baba mdogo, shikamoo.

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu simu zangu hupokei. Siku ya kugawa vitu vya marehemu uliitoa ile karatasi ya gazeti yenye picha sandukuni, ukaitupa kwenye moto wa taka. "Mgiriki mwizi na mzinzi, wa nini humu ndani?" Shangazi alisikia, wageni walisikia. Nguo ulichukua, redio ulichukua, nikaridhia. Hili la karatasi limenikaa kooni.

Picha ile ilipigwa Delhi, Januari 1985, viongozi walipokutana kuyataka mataifa makubwa yasitishe silaha za nyuklia. Mwalimu yumo, Palme wa Sweden yumo, Andreas Papandreou, waziri mkuu wa Ugiriki, yumo. Baba aliipenda kwa ajili ya Mwalimu kwanza, kisha akamfuatilia huyo Mgiriki mpaka alipofariki mwaka 1996.

Kashfa ya Koskotas, yule mwenye benki aliyeiba fedha na Andreas akatajwa, naijua. Najua pia siku ile ya 1988, ametoka London kufanyiwa upasuaji wa moyo, anashuka kwenye ndege na kumpungia mkono mpenzi wake Dimitra Liani amfuate, ilhali mkewe Margaret yupo. Baba alimsikitikia sana yule mama. Na kesi ya kashfa ile nayo, mahakama ilimwachia huru Andreas mwaka 1992.

Lakini wewe hukukaa mkekani baba akisimulia usiku wa 21 Aprili 1967. Wanajeshi wamepindua serikali, wamevamia nyumba, Andreas kajificha juu ya paa. Wakamshika mwanawe George, wa miaka 14, wakamwekea bunduki kichwani. Baba yake akashuka. Profesa wa Berkeley, aliyeukana uraia wa Marekani ili agombee ubunge kwao, akaenda jela, kisha uhamishoni. Hapo baba alikuwa ananyamaza, ananitazama mimi.

Mwaka 1974 alirudi, akaanzisha chama chake cha kijamaa, PASOK, na mwaka 1981 akashinda kwa asilimia 48. Akaleta ndoa ya serikali na huduma ya afya ya taifa, akafuta mahari, ambayo kule ilikuwa ikitolewa na upande wa binti. Huyo ndiye uliyemchoma.

Nakusihi, siku nyingine uliza wenye baba yao kabla hujagusa sanduku. Mimi ndiye niliyemuuguza, dawa nilinunua, usiku nilikesha. Nilinyamaza siku ile kwa heshima ya msiba, wala si kwa woga.

Goti lako linaendeleaje? Shangazi anakuulizia. Njoo Jumamosi tusafishe kaburi, chakula kitakuwepo. Ila la karatasi tutalizungumza kwanza.