Barua kwa mwanangu: kabla hujaleta mbwa nyumbani

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Huku Lamu hatujambo, na mamako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Unataka mbwa. Unakaa peke yako huko Muyeye, Malindi, unatoka asubuhi mapema na kurudi magharibi, na umeniuliza ni mbwa wa aina gani aliye mwaminifu kuliko wote, akulindie mlango na akupokee ukirudi kazini.

Unajua nilikoipatia riziki. Ujana wangu wote nimetunza bustani za nyumba za Waitaliano hapo Malindi, na mtunza bustani ndiye aliyelisha mbwa. Nimewaona wa kila umbo na kila bei. Wako walioletwa kwa ndege kutoka Ulaya, wana vyeti vya kizazi na kizazi, lakini bwana wao akifunga nyumba na kurudi kwao, mbwa alihamia miguuni mwa askari wa lango. Baada ya miezi bwana akirudi, mbwa alimtikisia mkia kwa adabu kisha akarudi kulala karibu na askari. Simlaumu mbwa yule. Alimpenda aliyekuwepo. Uaminifu unaoutafuta hauuzwi pamoja na mbwa, hutoka katika saa anazokaa nawe. Ndiyo maana sikutajii aina kwanza. Nataka tuhesabu saa zako.

Unatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kufika nyumbani karibu saa kumi na mbili jioni. Hizo ni saa kumi na moja na zaidi. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kuvumilia saa sita, hata nane, bila kutolewa nje wala kuona mtu. Kumi na moja kila siku ni mateso, hata kama ana ua wa kuzunguka. Basi kabla ya mbwa, tafuta mtu wa adhuhuri. Jirani yako yule anayeuza mahamri nyumbani, au mwanawe aliyemaliza shule, anaweza kuja mchana kumbadilishia maji, kumtembeza kidogo na kukaa naye kivulini. Mlipe, na malipo yake yaingie kwenye bajeti ya mwezi pamoja na kodi ya nyumba. Usimpate mtu huyo kwa ahadi ya mdomo tu. Kama hapatikani, mwanangu, basi mbwa asubiri, na mimi nitakuunga mkono ukisubiri.

Jambo la pili, usichukue kitoto cha mbwa. Najua ndivyo vinavyovuta moyo, na vijana hukuletea hadi mlangoni ndani ya kikapu. Kitoto hakifai kutengwa na mama yake kabla ya wiki nane, na wanaouza njiani mara nyingi hawangoji. Kikiwa na miezi mitatu hakiwezi kuzuia mkojo zaidi ya saa tatu hivi. Kinataka kulishwa mara tatu au nne kwa siku, kinatafuna viatu na nyaya, na hiyo miezi ya kwanza ndiyo kinajifunza dunia: watu, pikipiki, adhana, watoto, mvua juu ya mabati. Kitoto kinachojifunza dunia kikiwa peke yake nyuma ya lango hukua na hofu, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma. Wewe huna saa za kulea mtoto huyo sasa. Mwenye saa zako anafaa mbwa mzima, wa miaka miwili au mitatu, ambaye tabia yake imekwisha kuonekana.

Na awe wa kienyeji. Nakusihi usiniletee habari za German Shepherd kwa sababu umemwona ameketi vizuri kwenye picha. Chama cha kukuza mbwa hao kiliundwa Ujerumani mwaka 1899, na walikuzwa kwa kuchunga kondoo kutwa nzima. Akili na nguvu walizopewa kwa kazi hiyo haziishi kwa kuzunguka ua wa chumba kimoja na sebule. Usipompa kazi atajitafutia mwenyewe, na kazi yake itakuwa kuchimba chini ya uzio na kubwekea kila tuktuk inayopita. Tena ana manyoya mazito ya nchi za baridi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, hujipoza kwa kuhema, na joto letu la Februari na Machi linawaelemea hata waliozaliwa hapa. Wale wenye pua bapa ndio huteseka zaidi, maana hata kuhema kwenyewe kunawashinda. Mbwa wetu wa kawaida, mwenye manyoya mafupi na mwili mwembamba, ambaye watu wanamwita koko kwa dharau, amezoea jua hili na chakula hiki. Anabweka akisikia hatua ngeni, na hilo ndilo unalolihitaji. Mwizi hasomi cheti cha ukoo.

Ukienda kumwona mbwa, usiende mara moja. Nenda asubuhi, kisha nenda jioni ya siku nyingine. Usimwendee wewe, kaa chini pembeni, tazama kwingine, umwache akujie. Anayekuja taratibu, akanusa, akalegeza mwili, huyo ana moyo mzuri. Anayejikunja kwenye kona asitoke kabisa anahitaji mtu anayeshinda nyumbani, na mtu huyo si wewe. Anayekukodolea macho mwili umekakamaa, shukuru uondoke. Mwambie mwenyewe ampe chakula, umwone anapokula mtu akipita karibu. Mtazame mtoto anapokimbia mbele yake, kuku wanapokatiza, pikipiki inapopiga honi. Halafu ombeni mtoke nyote, abaki peke yake kwa nusu saa, nanyi msikilize mkiwa nje ya ukuta. Wako wanaolia kidogo kisha wakalala. Wako wanaokwaruza mlango mpaka kucha zitoke damu na kutokwa mate hadi kifua kirowe. Huyo wa pili anahitaji upendo kama mwenzake, lakini kumweka na mtu wa kazi za kutwa ni kumwonea. Jaribio hili la nusu saa nalithamini kuliko sifa zote utakazopewa na muuzaji.

Usije ukashawishika kuchukua wawili ili waliwazane. Mbwa anayemlilia mtu hatulizwi na mbwa mwenziwe, na wewe utakuwa na vinywa viwili vya kulisha.

Najua pia utakayoyasikia kutoka kwa ami zako. Watakukumbusha Hadithi kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na ile ya kwamba anayefuga mbwa asiye wa mifugo, wa kuwinda wala wa shamba hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Hadithi hizo ni sahihi, usizibishie. Lakini wamo wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi mmoja wao, walioulinganisha ulinzi wa nyumba na hayo yaliyoruhusiwa, na mwanamke anayekaa peke yake ana haja ya kweli ya mlinzi. Kamweleze imamu wako hali yako yote kabla hujaamua, umsikilize. Mimi naona mbwa wako awe wa uani na barazani, asiwe wa chumbani wala wa kitandani. Mate yake yakikugusa au yakiingia chomboni, osha mara saba, moja kwa udongo. Mimi nilikuwa na kanzu ya kazi na ndoo yangu kando, na udongo safi ndani ya debe, wala sikukosa sala kwa sababu ya mbwa. Akiwa mkavu nawe mkavu, kumgusa hakukunajisi.

Na wanaompiga mbwa mawe njiani kisha wakataja dini, usiwafuate. Suratul Kahf unaisoma kila Ijumaa. Wale vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na Mwenyezi Mungu amemtaja pamoja nao katika Kitabu chake. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alisimulia habari za mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Hayo nayo ni dini.

Ukishampata, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hizohizo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Usiipitishe hata wiki. Ugonjwa ule ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na karibu wote wanaoupata duniani huupata kwa kuumwa na mbwa. Ukiumwa na mbwa yeyote, wako au wa njiani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe sindano. Usipake pilipili wala majani. Ukipata jike, afungwe uzazi. Mimba ya mbwa ni miezi miwili tu, na Malindi ina vitoto vya kutosha vinavyotupwa jalalani.

Kupe ndio adui wetu wa pwani. Kila jioni mpapase ndani ya masikio, kwapani na katikati ya vidole. Homa ya kupe huanza kwa mbwa kukataa chakula na kulala tu, na fizi zake zikipauka usingoje asubuhi. Dawa ya kupe na ya minyoo utaelekezwa na daktari kwa uzito wake.

Chakula kisikusumbue. Ugali na dagaa waliooshwa chumvi, utumbo uliochemshwa, mboga kidogo. Ugali mtupu kila siku haumtoshi. Ng'onda, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi, usimpe, ina chumvi nyingi mno. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali na kumchana tumbo. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake. Mkienda ufukweni mshike kamba, hasa bahari inapotupa samaki mchangani, maana bunju mmoja mfu, yule samaki wa sumu anayejivimbisha, anatosha kumwua.

Mchukue mwanzoni mwa likizo yako, si Jumapili usiku ukienda kazini Jumatatu. Siku za kwanza toka dakika tano, rudi. Toka robo saa, rudi. Kisha saa, kisha nusu ya siku. Ukitoka usimuage kwa maneno marefu, na ukirudi ngoja atulie ndipo umsalimie, ajue kuondoka kwako ni jambo la kawaida. Mjengee kibanda cha makuti chenye sakafu iliyoinuka, upande unaopata kivuli mchana. Cha mabati kitampika. Maji yawe katika chombo kizito asichoweza kukipindua. Na mnyororo usiingie kwako! Nimewaona mbwa waliofungwa kutwa, walivyoharibika wakawa wanamrukia hata anayewaletea chakula. Rekebisha uzio kwanza.

Halafu saa nzima ya asubuhi na saa nzima ya jioni ni zake. Itakubidi uamke kabla ya adhana ya alfajiri, utembee naye kukiwa bado na umande, na jioni umtoe tena hata ukiwa umechoka, hata kama shoga zako wamekualika. Hapo ndipo atakapokuwa mbwa wako, wala si wa mtu wa adhuhuri. Nisingependa kukuficha jambo hili, kwa sababu wewe ni mwanangu na najua unavyorudi umechoka.

Fikiria na miaka. Mbwa wa aina hii akitunzwa huishi miaka kumi na zaidi. Ukichukua wa miaka mitatu, unajifunga naye kwa muda mrefu kuliko mkataba wako wa kazi. Ukihamishiwa Nairobi, atakwenda wapi? Akija mchumba asiyetaka mbwa, utamwambia nini? Ukija kwetu kwa Maulidi, huwezi kumleta. Vichochoro vya mtaa wetu wa Mkomani ni vyembamba, kila anayekwenda msikitini angejibana ukutani, naye angetaabika kati ya punda na paka. Mtu wa kumtunza usipokuwepo apatikane sasa.

Kama haya yote umeyakubali, yupo jike mmoja Mayungu, kwa mzee niliyefanya naye kazi. Ana miaka mitatu, ni wa rangi ya hudhurungi, amechanjwa, na mwenyewe anahamia kwa mwanawe Mombasa ambako hakuna ua. Nimemwomba asimpe mtu mpaka tumwone. Sikuahidi kitu. Nijulishe likizo yako inaanza tarehe ngapi, na kama yule jirani amekubali kuja mchana. Nitavuka hadi Mokowe nipande basi la asubuhi, twende kwa yule mzee sote wawili. Leta nguo unayoivaa siku zote, tumwachie alale nayo siku mbili tatu kabla hatujarudi mara ya pili.

Babako
Lamu