Kishikwambi kimoja, wanafunzi 80

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa teknolojia darasani. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 vilipogawiwa kwa walimu, wengi tulishangilia, nami nikiwamo. Nafundisha hisabati darasa la tano lenye wanafunzi zaidi ya 80. Nikikiinua kishikwambi juu, wa madawati ya nyuma huona mng'ao tu. Shuleni hakuna umeme, hivyo nakichaji dukani kwa jirani, kwa hela yangu.

Sikikatai kifaa hicho. Usiku hunisaidia sana kuandaa masomo. Lakini mtoto anayekwama kwenye kugawanya sehemu anahitaji mwalimu ainame kwenye daftari lake, aone ni mstari gani ameteleza. Kwa wanafunzi 80 ndani ya dakika 40, hilo haliwezekani, kishikwambi kiwepo kisiwepo.

Naishauri Serikali, kabla ya kununua vifaa vingine, ianze na umeme wa jua na projekta walau moja kwa kila shule, kisha iajiri walimu zaidi wa hisabati. Na mafunzo ya kutumia vifaa yafanyike darasani mbele ya wanafunzi, si semina ya siku moja ukumbini.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Tabora